Nusu ya Manowarini

Seremala hakula kitu kizima mbele ya macho yangu hata siku moja, na mimi nilimlisha miaka mingi. Ukimpa kitumbua anakikata katikati, nusu anakula, nusu anaifunga kwenye kitambaa. Ukimpa viwili, ili akae kimya ale kama watu, anavikata vyote viwili, maana anasema huwezi kujua kipi kimeiva vizuri, na si haki mmoja apate kilichoiva na mwingine kibichi. Nilikuwa nauza chai na vitumbua karibu na lango la mgodi, Geita, wakati wa vita kuu ya pili, na kila asubuhi nilimtazama mtu huyu akikatakata biashara yangu kwa kisu cha kazi. Nilidhani anadharau mapishi yangu. Nikamwuliza mume wangu, Baba Kabula, ambaye walifanya kazi pamoja chini ya ardhi.

"Ile nusu si yake," Baba Kabula akasema. "Ni ya pacha wake. Yuko baharini."

"Na kitumbua kitafikaje baharini?"

"Hakifiki. Kinaliwa na kuku wa jirani. Lakini lazima akitenge kwanza."

Jina lake nalijua, ila sikuwahi kumwita kwa jina, na sitaanza leo. Mgodini aliitwa Seremala kwa sababu ndiye aliyesimamisha nguzo za miti kule chini, zile zinazozuia mlima usiwaangukie watu. Kwangu alikuwa Shemeji, maana Baba Kabula alimwona kama mdogo wake, na mimi nikapata haki ya kumtania na kumgombeza. Niliitumia haki hiyo vizuri.

Alikuwa mtu wa wasiwasi. Sijaona mwingine kama yeye. Hakukalia kiti kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, na kuinamisha sikio. Hakuingia nyumba ya mtu kabla hajagonga mwimo wa mlango, si kwa kubisha hodi, bali kuusikiliza. Ukimkaribisha ndani anasema, "Subiri kwanza," anagonga, anasikiliza, ndipo anavua kofia. Siku aliyokuja kwangu mara ya kwanza aligonga mwimo wa mlango, akagonga meza, akagonga kabati la vyombo, kisha akaniambia kwamba kabati lina wadudu. Nikamwambia mdudu ninayemwona ni yeye. Mwezi haukupita, mguu wa kabati ukavunjika na vikombe vyangu vikaenda. Alinitengenezea mguu mwingine bila kusema neno, na kule kunyamaza kwake kuliniudhi kuliko kama angesema.

Lakini ndiyo kazi iliyomfanya hivyo. Alisema mti ukielemewa hulia kabla haujavunjika, na kazi yake ni kuusikia mapema. Siku moja, Baba Kabula na wenzake wakiwa chini wanakula, Seremala alisimama na ugali mkononi akasema, "Subiri kwanza." Akagonga nguzo moja. Akagonga ya pili. Ya tatu hakuigonga, aliwakamata watu mashati akawasukuma kwenye njia ya kutokea, huyu na yule, hata msimamizi wao aliyekuwa anapiga kelele kwamba muda wa kula haujaisha. Walipofika mbali kidogo, mahali walipokuwa wameketi pakajaa mawe. Baba Kabula alirudi nyumbani siku hiyo amepauka kwa vumbi, akampakata mtoto wetu Kabula jioni nzima. Mimi nilikwenda kwa Seremala na kuku wa kuchoma. Akanishukuru, akachukua kisu, akamkata kuku katikati kutoka shingoni mpaka mkiani.

Huyo ndiye mtu ambaye chini ya mlima hakutetemeka, lakini mvua ikijaza kijito anasimama ng'ambo mpaka maji yapungue. Walitoka upande wa Shinyanga yeye na pacha wake, nchi ya ng'ombe na vumbi, ambako maji mengi ni yale ya kisimani. Ziwa lenyewe aliliona akiwa mtu mzima, akarudi nyuma hatua kadhaa. Pacha wake alipoliona, yeye alivua nguo akaingia. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Waliofika kuchukua vijana wa vita walimchukua aliyeingia majini, huyu wakamwachia mgodi kwa sababu mgodi ulitaka maseremala. Pacha akaenda na askari wenzake mpaka pwani, na huko pwani wakamtia kwenye manowari kutupia makaa kwenye tanuri. Seremala alipoletewa habari hiyo alikaa kwenye benchi langu asubuhi yote. Kila aliyepita aliulizwa kama amewahi kuona bahari, na ni kubwa kiasi gani.

Karani wa posta ndiye aliyekuwa ameiona. Alimweleza kwamba ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Seremala akasema hata hapa ziwani kuna mahali huoni ng'ambo. Karani akamwambia tena kwamba maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Kwa nini alimwambia vile sijui, maana Seremala alitoka pale mbio, akachonga kizibo, akajaza kibuyu maji ya kisima, akakiziba kwa nta na kwenda nacho posta kipelekwe manowarini. Karani alikataa. Seremala akamwuliza kwa upole kama yeye ana ndugu, na kama ana ndugu, je, angependa anywe chumvi. Wakabishana mpaka watu wakajaa, na kibuyu kikarudi nyumbani. Alikinywa nusu. Nusu ya pili aliimwagia mche wa mpapai nyuma ya nyumba yake, na tangu siku hiyo mpapai ule ukawa wa pacha.

Sasa nieleze habari ya makasha, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka Kalangalala. Kwao mapacha hupewa sawa kwa sawa. Mmoja akinunuliwa shuka, na mwingine anunuliwe. Kikiwepo kimoja, kinakatwa. Asiyefanya hivyo, wanasema, anamwita mmoja na kumfukuza mwingine. Wengi wakishakuwa watu wazima huiacha desturi hiyo au huifuata siku za sherehe tu. Seremala aliifuata kila siku, na akaifuata kuvuka bahari. Kila kilichoingia mkononi mwake alikigawa, na nusu ya pacha ikajaa kwenye kasha alilolichonga mwenyewe kwa vipande vya mbao vilivyobaki mgodini. Makasha yake yalikuwa mazuri kuliko meza yangu. Hayakuwa na msumari hata mmoja, mbao zilishikana zenyewe, na kabla ya kulifunga aliligonga pande zote na kusikiliza.

Ndani aliweka michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, na karanga, na tumbaku, na samaki mkavu kutoka Nkome. Samaki alikuwa wa upande mmoja, ubavu wa kulia, maana wa kushoto aliula mwenyewe. Sabuni nusu mche. Kitambaa nusu. Vitu visivyokatika aligawa kwa muda. Alipopewa viatu vya kazi alivivaa msimu wa kulima na kupalilia, kisha akavipaka mafuta, akavitia kwenye kasha, akatembea peku msimu wa mavuno.

"Shemeji," nilimwambia, "na siku ukioa?"

"Nitamwambia mwanamke asubiri kwanza."

Na kweli hakuoa. Wako waliomtaka, fundi mwenye mshahara hakosi wa kumtaka, lakini nani atakubali kupikia mtu anayekula nusu na kuitazama nusu nyingine mpaka ipoe? Kwa mtu mwingine yeyote asiyekuwa pacha wake, alikuwa mgumu wa kutoa. Msumeno wake hakuazima mtu. Aliwahi kumfuata mzee wa kanisa mpaka nyumbani kwake kudai patasi. Mimi mwenyewe nilimwomba ubao wa rafu akaniambia ubao huo una kazi. Nilijua kazi yake.

Barua hawakuandikiana. Hakuna kati yao aliyejua kusoma, na kumwandikisha mtu mwingine mambo yenu Seremala aliona ni kama kuoga barabarani. Mwalimu wa misheni alimwandikia anwani ya manowari mara moja tu, naye akajifunza kuichora kwa brashi juu ya kasha, herufi kwa herufi, kama anayechora maua. Majibu yalikuja vilevile, kwa nusu. Baada ya miezi, karani humwita, na hapo kuna kifurushi kidogo cha turubai. Ndani mna nusu mche wa sabuni ya Wazungu, nusu taulo, pakiti ya sigara iliyobaki nusu. Mara moja ilikuja kopo la jamu lililoliwa mpaka katikati kabisa, likazibwa kwa nta, na sisimizi wa nchi zote walikuwa wameingia.

Seremala hakutazama kitu, alitazama mkato. Pacha wake alitumia mkono wa kushoto, na kisu chake kililalia upande mmoja, kikaacha mteremko. Seremala alipitisha kidole juu ya mteremko ule wa sabuni, polepole, akarudia. "Ni yeye," anasema. "Mkono wake hautetemeki." Siku hiyo hunywa chai yangu na kucheka na kila mtu, na hata kiti anasahau kukigonga. Kesho yake wasiwasi unaanza upya, kwa sababu sabuni imesafiri miezi, na mkono uliokuwa haujatetemeka wakati ule nani ajuaye leo ukoje.

Sasa nije kwenye habari ya blanketi. Mgodi ulitoa mablanketi mwaka mmoja, ya kijivu, yenye mstari mwekundu katikati. Seremala alinijia akaomba nimshikie ncha. Nikajua. Nikamwambia, "Shemeji, nusu blanketi haimfuniki mtu. Mtakuwa wawili mnaoumwa baridi badala ya mmoja." Akasema nishike nivute. Akakata juu ya mstari mwekundu wenyewe, ili kila upande upate wekundu wake pembeni. Nusu moja ikaenda baharini. Nyingine alijifunika yeye, na kwa kuwa alikuwa mrefu, alichagua kila siku kama miguu ndiyo ilale nje au mabega.

Kisha akaja askari mmoja aliyerudishwa kwa jeraha, kijana wa Nyarugusu, akapita kwangu kunywa chai. Seremala akamshika kwa maswali yake. Kijana alitaka kujipatia sifa kidogo, akaeleza kwamba meli nyingine hupelekwa kaskazini, ambako maji huganda mpaka kwenye ndevu, na mtu akianguka majini hata umtoe haraka anakuwa kama ubao. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuelewa, akaendelea. Seremala alisikiliza mpaka mwisho, akalipa chai ya kijana, akaenda nyumbani. Akarudi na ile nusu yake ya blanketi ameikunja, hana kasha, hana karanga, hana kitu kingine. Alinitaka uzi na kipande cha kitambaa cha marekani, tukaishonea humo pale pale mezani, naye akaipeleka posta kabla haijafungwa. Aliporudi alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Baada ya hapo nusu hazikuja tena.

Tulisubiri. Vita ikaisha, watu wakashangilia mpaka huku kwetu, askari wakaanza kurudi na makoti yao makubwa. Seremala alipeleka kasha, likarudi. Akapeleka jingine, nalo likarudi, kamba haijafunguliwa. Karani akamwambia manowari ile imeachishwa kazi, watu wake wametawanyika, hapajulikani mtu wa jina hilo. Alisema kwa upole safari hii. Seremala akayabeba makasha begani, moja juu ya jingine, akayapanga chumbani kwake ukutani. Aliendelea kukata. Nusu samaki sato, nusu ugali, nusu embe.

Ndugu zake wa Shinyanga wakasikia, wakafika, wazee wawili na shangazi. Walipitia kwangu kwanza kuulizia nyumba, nikawapokea.

"Ng'wangaluka, mayu," shangazi akanisalimia kwa Kisukuma, nami nikamwambia shikamoo. Alikuwa amebeba kuku jike mweupe, mzima, hajafungwa miguu.

Nikaenda nao. Walipofika walikaa, wakasalimiana, wakaulizana habari za ng'ombe na mvua. Kisha shangazi akasimama, akamweka yule kuku magotini mwa Seremala, bila maneno. Mimi sikuelewa. Seremala alielewa. Alinyanyuka, kuku akaruka, akauliza, "Nani amewatuma?"

"Mwanangu, ni miaka sasa."

"Nani amewatuma? Nani amemwona?"

Hakuna aliyemwona. Wazee wakatazama chini. Ndipo Seremala akasimama katikati ya chumba, anamwangalia yule kuku anatembea kati ya makasha, na uso wake ukabadilika. Nimeona watu wakiogopa, lakini hofu ile ilimjia taratibu, kutoka ndani. Akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta ameushika mpapai.

"Shemeji, kuna nini? Yule kuku ni wa nini?"

Akanieleza. Kwao pacha akiondoka duniani hakuna anayetamka. Wazee humletea aliyebaki kitu kizima, na maana yake ni moja, kwamba sasa kula peke yako, hakuna wa kugawana naye. Akikipokea, msiba umeanza.

"Basi hujapokea," nikasema. "Umekataa. Tumwombe Mungu."

"Hunielewi, Mama Kabula. Mimi nilimpelekea blanketi."

"Nusu blanketi."

"Nusu ya kwanza anayo. Nikampelekea ya pili." Alinionyesha viganja vyake vyote viwili, akaviweka pamoja. "Nimempelekea zima. Yuko kule peke yake, hajui kusoma, anafungua kitambaa, anaikuta nusu yangu. Wewe ungefikiri nini?"

Nilikuwa nimemshikia uzi mimi mwenyewe, na katika vichwa vyetu viwili lile lilikuwa blanketi tu na baridi tu.

Tangu siku ile wasiwasi wake uligeuka. Zamani aliogopa kwamba pacha amekufa. Sasa aliogopa kwamba yu hai, mahali fulani, amekaa matanga ya mtu anayegonga viti vya watu Geita. Hilo lilimla zaidi. Kila msafiri wa pwani alipewa nusu ya kitu ampelekee. Dereva wa lori alipewa nusu mche wa sabuni, muuza nguo nusu mkeka, padri aliyekuwa anakwenda likizo nusu kibuyu cha karanga. Wote walipokea, na nina hakika karanga hazikuvuka Shinyanga. Nilimwambia, "Shemeji, dunia kubwa hii, unamtafuta mtu kwa sabuni?" Akaniambia akiuona mkato atajua.

Na hakula kizima. Nilijaribu siku za Krismasi, siku za ugonjwa, hata nilimpikia yai, nikasema tukuone ukigawa yai. Alilichemsha upya likakauka, akalikata kwa uzi. Akakonda. Mashavu yakaingia ndani, mkanda wake ukaongezewa matundu. Nilikasirika naye wakati mwingine hadi machozi, kwa sababu mtu mzima anajinyima mbele yako na wewe kazi yako ni kulisha watu. Alikuwa anasema, "Nikila kizima, nimemkubalia."

Baba Kabula alipofariki kwa kifua cha mgodi, Seremala alichonga jeneza, akaligonga pande zote, na akakaa nami siku zote za matanga akipokea wageni. Baada ya hapo aliacha mgodi. Nilishangaa niliposikia alikohamia. Alihamia Nkome, ziwani, kutengeneza mitumbwi na mashua za wavuvi, yeye anayeogopa kijito. Hakuingia ndani ya chombo hata kimoja. Alivigonga vikiwa vimevutwa mchangani, akaziba, akaranda, na vilipoanza kusukumwa majini alirudi nyuma. Lakini abiria wa Mwanza hushukia pale, na mtu anayetoka pwani kwa reli na meli kuja Geita, alisema, atapita hapo. Alikaa miaka akitazama watu wanaoshuka.

Mimi nami nilianza biashara ya dagaa, nikawa nakwenda Nkome mara kwa mara. Kila nikifika nampelekea kitu, naye anakikata, tunapiga soga, namtania kwamba anazeeka. Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi.

Siku ninayoisimulia sasa ilikuwa ya soko, jua kali, dagaa wameanikwa ufukwe mzima. Nilikuwa nimemkuta Seremala chini ya mashua iliyopinduliwa, akigongomea ubao, nikamwachia sato wa kukaanga, nikaenda kwa wachuuzi. Mashua ya Mwanza ikafika. Watu wakashuka wamekunja nguo mpaka magotini, mizigo vichwani. Mimi nilikuwa napatana bei, sina habari na abiria, ila jicho langu likaona kitu chekundu.

Lilikuwa blanketi, limekunjwa juu ya bega la mtu. La kijivu, limechakaa, na katikati limeungwa kwa mshono mnene, na kila upande wa mshono una wekundu wake. Nilishika ncha ya blanketi lile siku lilipokatwa. Ningelitambua gizani.

Kisha nikamtazama mwenyewe. Uso ni ule, pua ni ile, lakini ni kama mtu amemchukua Seremala akamlisha. Alikuwa mnene, ana tumbo, ana shingo ya mafuta. Mikono ina makovu ya kuungua. Akaja mpaka niliposimama, akaweka mzigo chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani, njia ya kwenda mgodini Geita ni ipi? Nina kaburi la kutafuta."

"Kaburi la nani?"

"La ndugu yangu. Alikuwa seremala pale wakati wa vita." Alilishika blanketi begani. "Hili ni lake. Nilipaswa kulileta siku nyingi, lakini wazazi hatunao, na yeye hayupo, nilikuwa narudi kwa nani? Nikabaki kwenye meli huko Mombasa. Sasa nguvu zimekwisha, nikasema nimrudishie blanketi lake kabla na mimi sijaondoka."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi. Kile kilichonitoka kinywani ndicho hiki, na mpaka leo watu wa Nkome wananikumbusha:

"Kaburi lako lile pale linapiga misumari."

Hakuelewa. Nikamshika mkono kama mtoto, nikampitisha kati ya dagaa za watu, wanawake wakinigombeza kwamba namkanyagisha mali zao. Sauti ya nyundo ilikuwa inaendelea. Tukasimama mbele ya ile mashua. Nikasema, "Shemeji, toka."

Akatoka kwa magoti, nyundo mkononi, msumari midomoni. Akainua uso.

Yule mwingine alianza kurudi nyuma. Alisema neno la Kisukuma ambalo sikulisikia vizuri, akalishika blanketi kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, alikuwa amemzika huyu mtu miaka yote hiyo.

Seremala akatoa msumari mdomoni. "Subiri kwanza," akasema.

Akamwendea. Akakunja kidole, akamgonga pacha wake kifuani kwa kifundo, mara mbili, pale juu ya mfupa, akainamisha sikio. Akasikiliza kwa muda mrefu. Watu walikuwa wameanza kukusanyika.

"Ulinitumia nusu yako," yule mnene akasema. "Nikala vizima. Ndugu yangu, nimekula vizima miaka yote."

"Nilisikia kule kuna baridi," Seremala akasema.

Akamshika mkono, mkono ule wa kushoto, akamwinamisha akaingia naye kivulini chini ya mashua. Hapo palikuwa na sahani yangu, imefunikwa kwa ungo nzi wasiingie. Akaufunua. Ubavu wa kulia wa sato ulikuwa pale, haujaguswa, bado una joto.